Lumbesa ya Picha

"Punguza picha, mchezo uende."

Bibi Semeni aliyasema hayo jikoni, wajukuu zake wakimenya viazi vya mchana. Mjukuu wake mkubwa, Lutengano, alikuwa ameahirisha harusi mara mbili kwa sababu alitaka msafara wa magari saba na magari hayajapatikana. Vijana wakaweka visu chini, isipokuwa Lutengano mwenyewe. Mchezo gani, bibi? Picha ya nani? Bibi akavuta kigoda.

Methali hii, akawaambia, ilianza hapahapa Makambako, katika chumba kimoja nyuma ya soko la viazi, na aliyeianzisha hakuwa msemaji.

Palikuwa na binti aitwaye Twilumba. Aliacha shule darasa la tano ili amuuguze mama yake, na tangu hapo akawa mtu wa kuuza viazi na kunyamaza. Mteja akimpunja, alinyamaza. Akimsifu, aliangalia vidole vyake vya miguu. Lakini moyoni alikuwa na jambo lake: chumba cha michezo ya kompyuta, mahali ambapo watoto wa soko wangekaa na kucheza badala ya kuzurura kati ya malori wakati mama zao wanauza. Alijibana misimu miwili, akakodi chumba, akaenda dukani kununua kompyuta ya mezani ya bei ya chini kuliko zote.

Muuzaji hakumficha. "Dada, hii haina kadi ya picha ya peke yake. Picha na kazi nyingine zote zinakula kwenye sufuria moja, kumbukumbu ileile. Kaijaribu. Isipokufaa, irudishe leo kabla sijafunga."

Mwenye chumba naye alikuwa na neno lake. Kinyozi mmoja alikitaka chumba kilekile. Jumatatu ikifika hakina kazi, angepewa kinyozi.

Twilumba hakujiamini kuipima mashine mwenyewe. Akamwita Aidani, kijana aliyekuwa na kompyuta kubwa kwao, yenye taa za rangi tumboni, ambaye mtaa mzima ulimsikiliza kwa mambo ya magemu. Aidani akaja na michezo yake, na watoto kumi na kitu nyuma yake. Akaweka mbio za magari, akapandisha kila kitu hadi juu kama alivyozoea nyumbani, akaanza.

Gari likatoka. Likaganda. Likaruka kidogo, likaganda tena, huku feni ikivuma ndani ya mashine kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

"Hilo gari linasukumwa," mtoto mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Aidani akaachia pedi ya kuchezea. "Dada Twilumba, usinichukie. Hii ni ya kuandikia barua. Irudishe, ujibane misimu miwili mingine, ununue yenye kadi."

Twilumba akasogea mezani. Akainama, akaanza kuchomoa nyaya. Alipofika waya wa pili, mkono ukasita. Kila siku sokoni aliona baiskeli zikipinda chini ya lumbesa, lile gunia linalojazwa hadi juu kisha likashonewa kilemba cha viazi vingine. Baiskeli ikianguka, watu waliitukana baiskeli. Hakuna aliyewahi kulilaumu gunia.

"Kaka Aidani," akasema, akiigusa mashine, kwa sauti ndogo hata watoto wakasogea ili wasikie. "Huyu umempakia nini?"

"Nimempakia vipi?"

"Kabla hujaanza, kuna vitu ulivipandisha."

"Aa, ubora wa picha. Vivuli, majani ya miti, maji yanayong'aa barabarani. Vyote viko juu kabisa."

"Vinashuka?"

"Vinashuka, ila picha itachujuka, dada. Mti utauona, majani hutayaona."

Twilumba akawageukia watoto. "Ninyi mnakuja kuhesabu majani?"

"Tunakuja kushindana," akasema yule wa gari la kusukumwa.

"Basi, kaka, mshushie lumbesa."

Aidani akacheka puani, lakini akairudishia mashine nyaya zake, akashusha. Akaondoa vivuli na maji, akapunguza majani, akaanza upya. Barabara ikawa ya kijivu, miti ikafanana na mifagio. Lakini gari liliondoka. Likakata kona, likakata nyingine, na Aidani mwenyewe akajikuta amelalia upande mmoja kama dereva wa lori kwenye mteremko. Wakajaribu mpira, ukaenda. Drafti ndiyo usiseme.

Aidani, kwa ubishi, akaweka mchezo mpya wa vita. Akaushusha hadi chini kabisa, nao ukaganda vilevile.

"Huu haiuwezi," akasema.

"Huu hatutauweka," akajibu Twilumba. "Hata punda ana mzigo anaoukataa."

Duka lilifungwa jioni ile, kompyuta ikiwa bado chumbani. Jumatatu kinyozi alikuja kukagua chumba chake, akakuta foleni hadi nje. Akauliza wa mwisho ni nani, akasimama nyuma yake.

Tangu hapo, mgeni akipandisha picha na gari likaganda, watoto walimwambia kwa pamoja: punguza picha, mchezo uende. Mama zao wakalisikia neno hilo, wakalichukua hadi sokoni, na soko likalitawanya.

Bibi Semeni akaokota kisu kimoja.

"Na majani, bibi?" akauliza mjukuu mdogo. "Hayakuonekana tena?"

"Yalionekana, kompyuta ya pili ilipokuja. Lakini wale wa siku ya kwanza hawakuwahi kuyaulizia."

Lutengano alikuwa amemenya kiazi kimoja hadi kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

"Basi magari mawili," akasema. "La bibi harusi, na lako, bibi."

"Na harusi lini?"

"Jumamosi ijayo. Nitampigia mchumba leo."

Bibi akamsogezea beseni la viazi.

"Ndiyo hivyo, mume wangu. Punguza picha, mchezo uende."