Wino wa Mwanamize

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe mwenye makamasi, pangusa kwanza. Hapo kale, kale kwelikweli, babu wa babu yenu hajaota hata jino, palikuwa na mji uitwao Pakanga, na mji huo ulikuwa na kitabu.

Kila lililotokea liliandikwa humo, na walioandika walikuwa wanaume, tangu mwandishi wa kwanza mpaka yule wa zama hizo, Mzee Mbwarafu. Kisima kikikauka, waliandika: mwanamke kakinunia. Mbuzi wakifa: mwanamke kawatazama. Vita vikija, mwanamke kavileta. Vita vikiisha, mwanamume kavimaliza. Msicheke, ndivyo ilivyoandikwa.

Na palikuwa na desturi. Mwandishi aliandika uwanjani mbele ya watu, akasoma, na yeyote aliruhusiwa kupinga kabla wino haujakauka. Ukikauka, basi, neno limekuwa kweli mpaka kiama. Lakini kupinga kulikwenda kwa zamu: wazee kwanza, kisha watu wa makamo, kisha vijana, mwisho wanawake. Nanyi wazee mnawajua. Mzee husimama, akakohoa, akasalimia, akasimulia ya ujana wake, akakohoa tena. Zamu ya wanawake ilipofika, wino ulikuwa umeshakauka kitambo. Tangu mji ujengwe, hakuna mwanamke aliyepata kusema neno pale.

Aliyetengeneza wino huo alikuwa mjane, Mwanamize. Masizi ya chungu, gundi ya mgunga, maji kidogo, kama mama yake alivyomfunza. Hakuwahi kuuliza utaandikia nini. Mpaka siku ghala la mtama lilipoungua.

Liliungua adhuhuri, na kufika alasiri mji mzima ulishajua kitakachoandikwa. Kazija, binti yake Mwanamize, alikuwa ameonekana akipita karibu na ghala na kaa la moto kwenye kigae. Na aliyeandikwa kwa kosa kama hilo alifukuzwa mjini, harudi hata kuzika. Mwanamize alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Aliogopa, wajukuu zangu, aliogopa sana.

Kesho yake akaenda kwa Mzee Mbwarafu ili amweleze. Mzee hakumfungulia hata mlango. Akamwambia kutoka ndani kwamba atasema zamu ya wanawake ikifika, desturi ni desturi. Mwanamize akarudi kwake na hasira zake, akakaa mbele ya chungu cha wino. Akatia masizi. Akatia gundi, kiduchu. Kisha akachukua asali akamimina, akamimina, akamimina.

Siku ya kuandika ikafika. Mzee Mbwarafu akaandika, akasoma: “Ghala limechomwa na Kazija binti Mwanamize, kwa uzembe wa kike.”

Wazee wakasimama, wakakohoa, wakasalimia. Mwandishi akagusa ukurasa, kidole kikatoka cheusi. Watu wa makamo wakasema yao. Akagusa, kidole cheusi. Vijana hawakuwa na la kusema, na wakalisema kwa urefu. Akagusa tena, kidole cheusi, na nzi wametua juu ya neno uzembe.

Zamu ya wanawake ikafika, na wino bado mbichi. Mwanamize akasimama.

“Mzee wangu, mkeo alijifungua lini?”

“Siku ya moto.”

“Na maji yake alichemsha nani?”

Mzee hakujua. Angejuaje? Pakanga mke akishikwa na uchungu, mume hakanyagi nyumbani. Alishinda barazani kwa wenzake.

“Ni Kazija,” Mwanamize akasema. “Lile kaa alikuwa akilipeleka kwako. Aliingia chumbani asubuhi, akatoka jioni, na mwanao alipokelewa na mikono yake.”

Mkunga akasema ndivyo. Jirani akasema ndivyo. Mama mkwe wa mwandishi akasema ndivyo, tena kwa ukali. Mzee Mbwarafu akachukua kitambaa, akalifuta jina la Kazija.

“Basi nani alilichoma?” mwandishi akauliza. Akamgeukia mjane. “Niandike nini, mama?”

“Andika kwamba hujui.”

Mzee alifunua kitabu, ukurasa kwa ukurasa, aone waliomtangulia waliliandikaje neno hilo. Halikuwamo hata mahali pamoja. Akaliandika yeye, polepole, kama mtoto wa chuoni. Mwanamize akamshika binti yake mkono, wakaenda zao nyumbani wakapika, wakala wakashiba, wakacheka mpaka machozi.

Basi mkisoma popote kwamba wanawake wako hivi, wanawake wako vile, ulizeni kwanza kama zamu yao ilifika.

Kisa nilikikuta hapo, na hapo nakiacha. Kama ni kitamu, gawaneni. Kama ni kichungu, nirudishieni mwenyewe. Haya, nipisheni ninyooshe miguu.