Mtu wa Aikaruwa

Sogeeni, niwape kisa kisha mniamulie. Palikuwa na watu watatu mjini Moshi. Fundi Mbwambo alikuwa na mkono mtulivu wa kukata chuma. Ombeni, aliyewahi kupika kahawa katika hoteli moja Arusha, alikuwa na subira ya kufundisha. Zaituni, muuza vitenge, alikuwa na ulimi usiodanganya. Na palikuwa na mjane mpweke, Aikaruwa.

Marehemu mumewe alimwachia mgahawa mdogo na mashine ya espreso, ile inayosukuma maji ya moto kupitia unga wa kahawa. Enzi za uhai wake yeye ndiye aliyeiendesha, Aikaruwa akipiga soga na wateja. Sasa aliiendesha mwenyewe, na kahawa ilitoka chachu na nyepesi. Wateja wakapungua. Ikawa anafungua asubuhi na kufunga jioni bila kusikia sauti nyingine ila ya redio. Aliogopa kwamba mgahawa ukifa, hapatakuwa na mahali ambapo mtu anaweza kumkuta.

Fundi Mbwambo alikuja kutengeneza bawaba za mlango. Aikaruwa akamwonyesha kile kikombe cha chuma chenye mpini, kinachobeba chujio lenye unga wa kahawa chini ya mashine.

"Sijui humu ndani kunatokea nini," alisema.

"Basi tuondoe kitako, uone."

Kilikuwa hicho kimoja tu. Angekosea, mashine ingekaa bure. Fundi akakata taratibu, akazilainisha kingo. Mashine ilipowashwa, kahawa iliruka upande mmoja ikamchafua Aikaruwa blauzi. Kumbe maji yalikuwa yakipenya pale unga ulipolegea, na kuuacha mwingine bila kuugusa. Kwa mara ya kwanza aliliona kosa lake.

Lakini hakujua kulirekebisha. Aliyejua ni Ombeni, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, na hawakuwa wamesemezana tangu maneno makali ya siku ya mazishi. Aikaruwa alimpigia simu, kisha akashindwa kusema.

"Shemeji," Ombeni alisema, "nakuja."

Hakuyagusa ya nyuma. Alimfundisha kuvunja mabonge kwa sindano, kuusawazisha unga, kisha kuushindilia bila kuegemea upande. Wakarudia na kurudia, mpaka matone chini ya kile kikombe yakaanza kukutana katikati na kushuka kama uzi mmoja wa rangi ya asali.

Uzi ulipendeza, ladha bado. Zaituni, ambaye duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, akawa anavuka kila asubuhi kuonja.

"Hii chachu, dada. Saga laini zaidi."

Kesho yake: "Leo chungu. Umepitiliza."

Kahawa hiyo ilimsokota Zaituni tumbo, naye hakuacha kuja. Aikaruwa akajikuta anazisubiri nyayo zake kuliko za mteja yeyote. Mwishowe Zaituni alimaliza kikombe, akasema, "Niongeze."

Wakati wa mavuno mji ulifanya mashindano ya kahawa, na Aikaruwa akashinda. Zawadi ilikuwa safari ya Bukoba, wiki nzima kwenye mashamba, nafasi mbili.

"Yako na ya mtu wako," alisema mtangazaji. "Mtu wako ni nani, mama?"

Tangu amzike mumewe, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Aliwatazama wale watatu waliokaa mstari wa mbele. Mbwambo hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa. Ombeni hakuwa na ndugu mwingine zaidi ya marehemu. Zaituni hula chakula chake peke yake kila siku. Bila fundi asingeliona kosa. Bila shemeji asingeliondoa. Bila jirani asingejua kama limeondoka. Akimtaja mmoja, huenda wawili wasirudi tena mgahawani, na zile siku za redio peke yake akaziona zinamrudia.

Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti.

Haya, wenzangu, yule mama bado amesimama pale. Ungekuwa wewe, ungetaja jina la nani?