Kikokotoo cha Bi Nyamizi

Hapo zamani, watoto wangu, wala si zamani sana maana kompyuta zilikuwa zimeshafika, wanyama waliishi kwenye nyumba zenye milango na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Kwenye kilima cha mawe alikaa Nyamizi, pimbi mfupi mnene, mkunga wa wadogo wote wa bonde lile. Digidigi akikaribia kujifungua, anaitwa Bi Nyamizi. Sungura vilevile. Hata kanga, ambaye hutaga tu, alimwita aje akae naye.

Kazi ilipozidi, Bi Nyamizi akaacha daftari akaleta kompyuta. Humo aliandika jina la kila mama, siku aliyojifungua, mahali alipomficha mtoto, na saa anayotoka kwenda kunywa maji. Asipoyajua hayo atawatembeleaje? Lakini hakumwonyesha mtu.

Aliyekuja kuiunganisha ni Fundi Fisi. Alipitisha nyaya, mtandao ukashika, akafunga mkoba wake.

"Mama, humu ndani kuna programu ya ulinzi," alisema. "Programu yoyote ikitaka kutoka kwenda mtandaoni, mlinzi atakuuliza: uiruhusu, au uikatae?"

"Nami nitajuaje?"

"Usijisumbue. Wewe bonyeza ruhusu. Ukikataa, kompyuta itaganda, utakuwa unaniita kila siku. Na hapa nimekuwekea kikokotoo, zawadi yangu, kikusaidie kuhesabu siku za mimba."

Bi Nyamizi akashukuru. Tangu siku hiyo ikawa, bip, ruhusu. Bip, ruhusu. Amerudi na matope miguuni, mikono inanuka dawa, nani ana muda wa kusoma maswali?

Asubuhi moja akaja Kabula, digidigi aliyejifungua siku nne nyuma. Alipewa kiti, hakukaa.

"Bi Nyamizi, mwanangu hayupo. Nilikwenda kunywa maji. Nimerudi nimekuta nyasi zimelala, zina damu."

Bi Nyamizi aliweka chini kikombe chake.

"Kile kichaka tulikijua wawili," Kabula alisema. "Mimi sikumwambia mtu."

"Wala mimi."

"Basi aliyemla alikijuaje?"

Kabula akaondoka bila kuaga. Kabla ya mchana, sungura mmoja aliyekuwa na mimba kubwa akatuma habari kwamba hatamhitaji tena, shangazi yake atamsaidia.

Bi Nyamizi hakulia. Alinawa mikono, akakaa mbele ya kompyuta, akajiuliza habari zile zilitokea mlango gani. Kichwani mwake hazikutoka. Zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja tu.

Akafungua orodha ya mlinzi. Alikuta programu kumi na nne alizoziruhusu, na nyingine hakumbuki hata lini. Akazipitia moja moja, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la mama. Barua: hii lazima itoke, ndiyo anayoitiwa. Kivinjari: sawa. Mchezo wa karata: huu unamtafuta nani huko nje? Akaukataa, kompyuta haikuganda. Akakataa programu ya pili, na ya tatu. Haikuganda. Akafika kwenye kikokotoo.

"Hesabu unazifanya humu humu," alikiambia. "Nje unafuata nini?"

Mlinzi alikuwa ameandika kila safari. Kikokotoo hakikutoka Bi Nyamizi alipojumlisha wala alipotoa. Kilitoka kila alipohifadhi orodha ya akina mama, dakika moja baadaye, na kilitoka na mzigo.

Mimi ndiye niliyebonyeza, aliwaza Bi Nyamizi. Nimekifungulia mlango kwa kidole changu mwenyewe.

Kidole kikaenda kwenye kataa. Kikasimama hapo.

Nikikifunga leo, Fisi atajua nimegundua. Atakana, nani ataniamini? Na Kabula ataniona muuaji mpaka kufa kwangu.

Akakiacha wazi. Mchana ule alizunguka bonde zima, kichaka kwa kichaka, akiwaambia akina mama wahamishe watoto na wasimwambie yeye wanakowapeleka. Wengine walimsikiliza, wengine walimfungia mlango, ila wote walihama. Aliporudi alifuta orodha nzima, akaandika mama mmoja tu: "Swala, pacha, wana siku mbili. Ufa mpana nyuma ya kilima. Mama huenda majini saa sita mchana."

Akahifadhi. Dakika moja, na kikokotoo kikatoka.

Kesho yake, kabla ya saa sita, Kabula na majirani wengine walikuwa wamelala kifudifudi juu ya jiwe lililo juu ya ule ufa. Bi Nyamizi alikuwa amewabembeleza sana mpaka wakaja.

"Nimeandika uongo mmoja," aliwanong'oneza. "Hakuna aliyeusikia kwangu. Atakayekuja hapa ameusoma."

Wakasubiri. Jua likapanda. Kabula alikuwa ameanza kuinuka aende zake, nyasi zikasema chwa, chwa, chwa. Akatokea Chui, na nyuma yake Fundi Fisi na mkoba wake begani.

"Una hakika?" Chui aliuliza.

"Ingia tu, mzee. Kikokotoo changu kilinidanganya lini? Yule wa digidigi si ulimkuta palepale nilipokuambia? Mimi unibakizie mifupa, kama siku zote."

Juu ya jiwe, Bi Nyamizi alimtazama Kabula. Kabula alikuwa ameuma mdomo, macho chini kule.

Chui akaingiza kichwa na mabega kwenye ufa, akapeleka mkono mbele. Ndani hamkuwa na swala. Mlikuwa na mzinga mkubwa wa nyuki, ambao Bi Nyamizi aliujua tangu zamani, na mkono ukaupasua katikati. Vuuuu! Chui akarudi kinyumenyume akamkanyaga Fisi, Fisi akajikwaa kwenye mkoba, nyuki wakawafunika wote wawili. Wakateremka kilima wakigongana kama mapipa matupu. Chui alifika mtoni akiwa hana jicho linalofumbuka. Fisi hakurudi kuchukua mkoba, na hakuna aliyemwita fundi tena bonde lile.

Majirani waliposhuka, Kabula alibaki juu na Bi Nyamizi.

"Kile kikokotoo nilikiruhusu mimi," Bi Nyamizi alisema. "Bila kusoma. Hilo sitakuficha."

"Mwanangu harudi," Kabula alisema.

"Harudi."

"Nikipata mwingine, nitakuita. Ila hutaandika popote."

"Sitaandika popote."

Bi Nyamizi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akabonyeza kataa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nami nimewapa kama nilivyopewa: chochote kinachoomba kutoka nyumbani kwako, kiulize kwanza kinakwenda wapi na kimebeba nini.