Daftari Lililopata Zote

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Nakijwa, mke wa Mwalimu Sifueli Mshana, Desemba 1991, ukoo ulipokutana nyumbani kwao milimani Upare. Inaletwa hapa kama alivyoisimulia, bila kuongezwa chumvi.

Mwaka 1976 Mwalimu Sifueli alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ndogo ya sekondari, ya paa la bati, ambako mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza na kusubiri. Kalamu yake nyekundu haikusamehe hata nukta.

Kila Ijumaa alifundisha vile vitenzi vya Kiingereza visivyotembea peke yao.

"Look ni kutazama," alikuwa akisema. "Mpe after afuatane naye, amekuwa mlezi. Hivi ni vitenzi vilivyooa. Ukimtaja bwana, msalimu na mkewe."

Wanafunzi walicheka kila mara, ingawa utani ulikuwa ule ule wa mwaka uliopita.

Kisha aliwatajia kwa mdomo vitenzi vitano, na sharti moja. "Sitaki sentensi za kitabuni. Sitaki mfalme, sitaki theluji. Nyumbani kwenu kuna watu wanaoamka, wanaopika, wanaogombana. Niandikieni ya kwenu, ya wiki hii."

Katika Kidato cha Pili alikuwemo binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, Nakundwa. Kila Ijumaa alipata zote. Mwalimu alikuwa akiliinua daftari lake mbele ya darasa, kila mstari una vema nyekundu, na kusema, "Hivi ndivyo mtu anavyoandika."

Masomo mengine yalikuwa balaa. Akinakili hesabu kutoka ubaoni, nane iligeuka tatu. Ramani alizichora kama mtu aliyesimuliwa tu.

"Mvivu huyo," alisema mwalimu wa Jiografia. "Kiingereza anakiweza, ramani inamshindaje?"

"Anachagua masomo kama mbuzi anavyochagua majani," akadakia mwingine.

Mwezi Juni, Ijumaa, mkuu wa shule alimwita Sifueli. "Wewe ndiye mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili. Jumatatu natoa majina ya wanaoondolewa shule kwa kushindwa masomo, na Nakundwa yumo. Nipe sababu moja ya kumbakiza, nami nitalifuta jina lake."

Sifueli alimwita binti uwanjani. "Mwanangu, mbona unaniaibisha? Una tatizo gani?"

Nakundwa alitazama chini. "Mwalimu, nilishaandika."

"Umeandika wapi?"

Binti aligeuza uso upande wa darasa tu. Mwalimu aliona ni kiburi, akamwambia aende zake.

Jumamosi mchana Sifueli alikaa barazani na rundo la madaftari. Alilitoa la Nakundwa, akalipekua tangu ukurasa wa kwanza. Mkewe alikuwa kando yake akipukuchua mahindi.

"Mbona umekunja uso, Baba Eliafie?"

"Natafuta kosa la mtoto huyu. Halipo hata moja."

"Anasema nini?"

"Nimekwambia, hana kosa."

"Sikuulizi kosa," alisema mkewe. "Mimi Kiingereza chenu sikijui. Nauliza mtoto anasema nini humo."

Mwalimu alitabasamu, akaanza kumfasiria ili kumridhisha. Ijumaa ya kwanza ya Februari, kitenzi make out: Siku hizi siwezi kutambua herufi za ubaoni. Kitenzi read out: Rafiki yangu hunisomea maswali kwa sauti, asipokuja shule, nakisia. Kitenzi put off: Mama anaahirisha kunipeleka hospitali, kwa sababu shangazi zangu wawili walipofuka na watu watasema ni damu yetu.

Sauti yake ilianza kupungua. Mahindi nayo yalikuwa yameacha kudondoka ungoni.

"Endelea," alisema mkewe.

Ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma: Sitakata tamaa mpaka atokee mtu wa kugundua. Pembeni yake, kwa mkono wake mwenyewe, Mwalimu alikuwa ameandika "Vizuri sana." Tena alikuwa amemwongezea binti maksi moja, kwa kutumia vitenzi viwili, give up na find out, katika sentensi moja.

Alilifunga daftari, akaliweka magotini.

"Miezi minne," alisema. "Ananiambia, nami namwekea vema."

"Basi vaa viatu," alisema mkewe. "Kwao si mbali."

Mama yake Nakundwa aliwapokea mlangoni. Aliposikia walichokuja kusema, alimgeukia binti yake kwa hasira. "Nilikukataza usimwambie mtu yeyote."

"Hakumwambia mtu, mama," alisema Sifueli. "Aliandika tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kusoma."

Jumatatu, daftari lilifunguliwa mezani kwa mkuu wa shule, na Mwalimu alimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Jina likafutwa. Wiki iliyofuata, Mwalimu na mama mtu walimteremsha binti mpaka hospitali ya misheni kule tambarare. Kumbe hakuwa anapofuka. Alihitaji miwani.

Alipoivaa mara ya kwanza, alimtazama mwalimu wake kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "kumbe una mvi."

Sifueli alicheka mpaka akafuta macho. Bibi Nakijwa alisema mumewe alirudi nyumbani na maneno hayo, akayarudia kila Juni kwa miaka yote. Na tangu siku ile alikuwa akisoma kila daftari mara mbili; mara ya kwanza, kalamu nyekundu ilibaki mfukoni.

Darasa lile la bati lilibomolewa, na hakuna tena anayetaja vitenzi vitano kila Ijumaa. Lakini waliosoma pale, wakikutana kwenye harusi au msiba, bado mmoja wao husema, "Msalimu na mkewe," na wote hujua ni nani anayekumbukwa.

Mwalimu Sifueli alifariki mwaka 1999. Mama yake Nakundwa alimtangulia, mwaka 1984. Mkuu wa shule alihamishwa, na habari zake hazijulikani. Bibi Nakijwa yupo, ana miaka themanini na sita. Nakundwa yupo, ni mwalimu mstaafu, na lile daftari analo yeye.

Funzo: Mtu anapokupa maneno yake, sikia kwanza anasema nini, ndipo uangalie kama amekosea; unaweza kusahihisha kila neno lake ukamkosa mwenyewe.