Presha Isiyopimwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi ambayo mama zenu wanaikumbuka, walikuwapo wanafunzi watatu wa uuguzi katika chuo kimoja cha milimani, kule ambako ukifua sare Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa bado mbichi. Mkubwa wao aliitwa Tumpe, aliyekuwa muuzaji wa duka la vitambaa kabla ya kurudi shule. Wa pili ni Lwitiko, kijana mpole, mzito wa maneno. Wa tatu ni Subilaga, na huyu ndiye ninayetaka mumfuate kwa macho.

Ilibaki miezi miwili wahitimu. Hospitali waliyokuwa wakifanyia mazoezi ikabandika tangazo: anatakiwa muuguzi mmoja, wodi ya wazazi. Mmoja tu. Wote watatu wakaomba.

Wengine wangeanza kuviziana. Hawa hawakuviziana. Tumpe aliwaambia kwamba nafasi ni moja lakini duniani usaili ni mwingi, basi wajifunze pamoja. Kila siku baada ya zamu walikutana chumba cha kupigia pasi. Tumpe akaketi nyuma ya meza akawa mganga mfawidhi, akawa metroni, akawa afisa utumishi. Akawafundisha kubisha hodi, kusalimu, kuketi bila kujikunyata, kumtazama mtu usoni bila kumkodolea macho.

Subilaga ndiye aliyemtoa Tumpe jasho. Darasani alikuwa wa mbele, lakini akiulizwa habari zake mwenyewe ulimi uliganda. Jina lake tu alilitaja kama mtu anayekiri wizi. Tumpe hakuchoka. Alimrudisha mlangoni mara kumi, mara kumi na tano, mpaka sauti ikatoka. Alijua anamnoa mshindani wake, akaendelea kumnoa.

Siku moja Tumpe akauliza lile swali ambalo wasaili hulipenda: ni kosa gani umewahi kulifanya kazini? Subilaga akajibu kwamba aliwahi kuchelewa zamu dakika tano.

"Hilo si kosa," Tumpe akamwambia. "Hilo ni pambo. Lete kosa."

Subilaga akamtazama Lwitiko. Lwitiko akatazama sakafu. Ndipo Subilaga akalitoa lililokuwa likimkaba tangu masika.

Siku moja ya masika hayo alikuwa na kina mama kumi na mmoja wa kupima. Kipimo cha presha kilikuwa kimoja, na wodi ya jirani ikakiazima alipokuwa amebakiza mama mmoja, Tusekile, aliyejifungua jana yake. Subilaga alikuwa amesimama tangu alfajiri. Presha ya Tusekile ya asubuhi ilikuwa nzuri. Akainakili ile ile, akatia saini, akaondoka. Lwitiko akaingia zamu. Akamkuta Tusekile ameshika kichwa, anasema macho yanaona ukungu. Chati inasema mzima. Lwitiko hakuiamini chati. Akakifuata kipimo, akapima, presha iko juu kiasi cha kuogopesha. Akamwita mganga mfawidhi mbio, dawa ikawahi, kifafa cha mimba, kinachoweza kumkumba hata aliyekwisha kujifungua, hakikumshika. Siku ya nne Tusekile alirudi kwao na mtoto wake.

Lwitiko hakumshtaki mwenzake. Mganga alipouliza, alisema presha ilipanda ghafla. Kwa Subilaga alisema maneno mawili matatu: amempima upya, asirudie. Basi.

Tumpe aliposikia hayo alikwenda kufunga mlango. Akamshika Subilaga mkono, akamsihi asilitamke hilo mbele ya wasaili, maana si kazi tu atakayokosa, huenda na cheti. Akamtungia jibu: aliwahi kuchelewa kujaza chati, akajifunza kupanga muda wake. Subilaga akalikariri mpaka likawa linamtoka kama sala.

Siku ya usaili ikafika, na mezani wakaketi mganga mfawidhi, metroni na afisa utumishi wenyewe. Akaingia Tumpe kwanza. Kila alichoulizwa alikijibu, hakubabaika hata mara moja.

Akaingia Lwitiko. Wakamuuliza kama amewahi kugundua kosa la mwenzake. Akasema amewahi, alimhudumia mgonjwa kwanza, kisha akamwonya mwenzake. Hakuripoti. Wakamtaka ataje jina. Hakulitoa. Metroni akamwambia kwamba kunyamaza huko kutamgharimu.

"Najua, Metroni," akasema.

Akaingia Subilaga. Akabisha hodi vizuri, akasalimu vizuri, akaketi vizuri. Swali la kosa likaja. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, laini, kama lilivyofundishwa. Lakini aliyemjia mbele ya macho ni Tusekile, ameshika kichwa.

"Niliandika presha ambayo sikuipima," akasema. "Mwenzangu ndiye aliyemwokoa yule mama. Mimi ningemuua."

Akasimulia yote, na sauti haikukatika. Mganga akauliza nani aliyemfundisha kuzungumza hivyo.

"Ni dada Tumpe. Ila jibu hili hakunifundisha yeye."

Metroni akamuuliza kwa nini amelisema leo, mahali pabaya kuliko pote. Subilaga akajibu.

"Nimelibeba miezi mitatu, Mama, na halipungui uzito."

Wakamwita Tumpe tena, wakamuuliza kama alijua. Naye hakukana. Alijua, alimshauri anyamaze, alimhurumia. Na kama ni kosa, aliomba liandikwe kwa jina lake.

Watatu wakatoka wakaketi benchi moja nje, Subilaga katikati. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Lwitiko alikuwa na andazi mfukoni, akalikata vipande vitatu.

Ndani, wasaili hawakuelewana. Afisa utumishi alimtaka Tumpe: amejibu kuliko wote, na mtu anayemwinua mshindani wake ataiinua wodi nzima. Mganga akamtaka Lwitiko. Alisema yule kijana alimdanganya yeye mwenyewe, usoni, na bado anamtaka, kwa sababu Tusekile yu hai, na mengine yote ni maneno.

Metroni alichukua kalamu. Kisha akasema, "Nina miaka ishirini na sita kazini. Sijawahi kuambiwa na muuguzi kosa ambalo sikuwa nimeligundua mwenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza. Mnataka nimfukuze huyo?"

"Na kama Lwitiko angechelewa siku ile?" mganga akamuuliza. "Tungekuwa tunamsifu kwa ukweli, au tungekuwa tumezika?"

Metroni akaivuta karibu fomu ya kuandikia jina. Kalamu hakuiachia.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja, wa jina moja. Nje, wale watatu walisikia kiti kikivutwa, wakasimama pamoja.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Kalamu nawakabidhi ninyi. Yuko aliyewafundisha wenzake kusema, akamfundisha mmoja kuficha. Yuko aliyeokoa uhai, akasema uongo kumlinda mwenzake. Yuko aliyeponza uhai, akasema kweli bila kulazimishwa na mtu. Kesho kutwa mmoja wao atasimama kando ya kitanda cha dada yako, usiku anapojifungua.

Je, ungeandika jina la nani?