Aliyeupunguza Upinde

Wapendwa, vijana watanielewa upesi. Wazazi, nivumilieni kidogo, nitafika na kwenu.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyetengeneza gemu ya simu, ya vita vya kubuni, majoka na majitu. Kila mchezaji anachagua silaha yake. Kazi kubwa ya yule bwana ilikuwa kuzisawazisha hizo silaha, moja isizionee nyingine. Upanga unakata sana, lakini sharti umsogelee adui. Mkuki unafika mbali kidogo, ila ni mzito. Upinde unapiga kutoka mbali, lakini adui akishakufikia, umekwisha. Naye alijiwekea sharti: hagusi silaha yoyote kabla hajatazama mapambano mia ya watu wengine. Sharti zuri, au siyo?

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa upanga, na aliringa kweli kweli, maana hakuna aliyemweza. Mpaka akatokea mchezaji mwenye upinde, anajiita Kozi. Kozi hakimbiikimbii. Anasimama, anavuta, anaachia. Akampiga yule bwana mara ya kwanza. Bwana akasema ni bahati tu. Akampiga ya pili, ya tatu, hadi ya saba, tena mbele ya watazamaji. Lo! Hasira zikampanda.

Je, alitazama mapambano mia? Hata moja! Alifungua kompyuta, akaukata upinde nusu ya nguvu zake, akawaandikia wachezaji wote: "Upinde ulikuwa unaonea. Nimerudisha haki." Watu wa upanga wakamshangilia. Siku ile ile akakutana na Kozi, akamchakaza, akacheka hadi machozi.

Jumapili akaenda kumsalimia mdogo wake. Huyu mdogo wake, mashine ya kusaga ilimla vidole vyote vya mkono wa kulia, na tangu hapo akawa mtu wa kujifungia ndani. Lakini miezi ya karibuni alikuwa amechangamka, anakula, anatania watu, familia nzima inashangaa. Siku hiyo kaka mtu akamkuta amejikunyata, chakula kimepoa mezani.

"Shikamoo, kaka," akasema bila kuinua uso.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Nilikuwa na kitu nakipenda, kimeharibika."

Akamsogezea simu. Kaka akatazama kioo. Juu kabisa paliandikwa: Kozi.

"Upanga unataka mikono miwili, kaka. Mmoja wa kukimbia, mmoja wa kukata. Mkuki vilevile. Upinde peke yake ndio niliouweza kwa kidole gumba kimoja."

"Sasa mbona hukuniambia ni wewe?"

"Ningekuambia ungeniachia nishinde. Watu wote wananiachia, kaka. Nilitaka kumshinda mtu asiyenihurumia. Nikakushinda mara saba, ndipo ukasema naonea."

Kaka alirudi mbio, akaurudishia upinde nguvu zake zote. Akamngoja Kozi wiki, akamngoja mwezi, akamngoja mwaka. Kozi hakuonekana tena. Na yule mdogo wake? Anamwamkia kaka yake kwa adabu, basi, hana neno jingine naye.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamwona mtu mbaya, siyo? Basi tumwache, tujitazame sisi.

Mnamkumbuka mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale kwenye geti la kanisa letu? Mjane, na mguu wake ule mbovu. Watu walipanga foleni kwake, na sisi wenye maduka ng'ambo ya barabara tukaanza kununa. Tukakaa kikao. Tukasema biashara getini marufuku, kwa wote, haki sawa. Kwa wote! Wenye maduka walirudi madukani. Yeye alirudi wapi? Nani kati yetu aliwahi kutembea naye japo siku moja, aone anavyoburuta ule mguu hadi sokoni? Tulichokiona ni foleni yake tu, kwa sababu ilitupita sisi. Na kikao kile, wapendwa, mimi ndiye niliyekifunga kwa sala.

Juzi nilimwendea kumwomba arudi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Asante, mchungaji." Leo geti liko wazi tangu asubuhi, na nimekuwa nikilitazama muda wote nikihubiri. Hajaja.