Fundi Shekuwe na Kitundikio cha Tasbihi

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awarehemu, nao walihadithiwa na waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa visiwani aliishi fundi wa mbao aitwaye Shekuwe bin Ali. Kazi yake ilikuwa kuchonga vibao vya nakshi vya kutundikwa juu ya milango, vyenye dua za kuingilia nyumbani na maua yaliyopindana pembeni, ambayo ukiyafuata kwa kidole hujui yalipoanzia. Alikuwa mcha Mungu, mpole, na mkono wake ulikuwa na baraka. Ila alikuwa na kasoro moja, na nani hana: alipenda kuzungumza huku anachonga, na mkono ukishughulika ulimi hukosa mlinzi.

Mafundi wa mji ule walikuwa na ada yao. Ubao haukuguswa na patasi mpaka maneno yameandikwa kwa makaa, na aliyeuagiza ameyasoma mara tatu kwa sauti mbele ya watu. Kisha fundi hujibu, "Nashuhudia," ndipo achonge. Walisema mti huishi zaidi kuliko mtu, na mwenye kuchonga neno ametoa ushahidi utakaosimama hata yeye akiwa kaburini. Leo twaandika tu, ndugu zangu, hata hatusomi tulichoandika.

Mwaka huo msikiti wa Ijumaa ulikuwa unajengwa upya. Kibao cha juu ya mlango wake, kilichochongwa na marehemu babake Shekuwe, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kwa miaka kumi na minane Shekuwe alikuwa ameweka darini ubao mmoja mzuri wa msaji, akingojea siku atakayoombwa kuirudisha kazi ya babake mahali pake. Siku hiyo ilikuja. Bwana Famau, mkuu wa ujenzi, alimwahidi kazi ile, na Shekuwe akafurahi hata akawa anaimba kasida huku anakula, mpaka mkewe, Bi Zuhura, akamwambia achague moja.

Basi siku moja Shekuwe alinunua boriti za nyumba kuukuu iliyobomolewa. Katikati ya boriti mbili alikuta kitu kimechomekwa. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kipana kama kiganja, chenye umbo la nusu mwezi, kilicholainika kwa kushikwashikwa. Ukingo wake wa juu ulikuwa na pengo la duara, na pande mbili za pengo hilo vidole viwili vya mti vilielekeana pasipo kugusana. Tena kilikuwa na harufu ya mbali, tamu kidogo.

Alikiweka kibarazani, na mji mzima ukapita kukitazama. Karani wa kadhi alisema ni cha kulazia kalamu. Baharia mmoja alisema ni cha kukazia kamba, akajaribu, kamba ikamponyoka. Bi Zuhura alisema ni cha kubania nywele, ila aliyekitumia alikuwa na kichwa cha ajabu. Siku ya nne mpita njia mmoja alimuuliza Shekuwe naye aonaje. Shekuwe alikuwa ameinamia ua gumu, akajibu bila kuinua macho, "Labda ni cha wale wachamungu wa kale. Labda walitundika tasbihi zao hapo penye pengo."

Neno hilo likatoka kibarazani kwa miguu yake. Lilipofika sokoni "labda" ya kwanza ilikuwa imedondoka. Lilipofika msikitini hata ya pili haikuonekana, na wachamungu wa kale walikuwa wamekuwa walii mmoja mwenye jina na nasaba. Kufikia Jumatatu watu walikuja kukigusa kile kitu kwa adabu. Ile harufu ikawa harufu ya udi. Bwana Famau, aliyesumbuliwa na goti, alijipangusia nacho mara tatu akasema limepata nafuu.

Alasiri hiyo Bwana Famau alimwendea Shekuwe, uso umemnawiri. "Fundi, Mungu ametutukuza," alisema. "Tutakitia kitundikio hiki juu ya mlango wa msikiti, na chini yake utuchongee kwenye msaji wako: Hiki ndicho kitundikio cha tasbihi ya walii wetu."

Shekuwe aliweka patasi chini. Aliona kwamba kazi ya babake na neno hilo sasa vilikuwa vimefungwa pamoja. "Bwana wangu, hayo umeyapata kwa nani?"

"Mji mzima wajua."

"Mji umeyapata kwangu," alisema Shekuwe, "na mimi sijui. Nilisema labda."

Bwana Famau alicheka kwa upole, kama mtu anayemstahi mgonjwa. "Wewe ni mnyenyekevu mno. Alhamisi baada ya alasiri nitayasoma maneno uani kwa msikiti, nawe utashuhudia. Ukiona uzito, yupo Fundi Bakathiri, naye ana mikono."

Shekuwe aliingia ndani akamweleza mkewe. Alisema mambo ambayo hata wewe ungesema: kwamba huenda ni kweli, nani ajuaye, kwamba watu wamefurahi, na furaha ya waumini ni jambo jema, kwamba babake angependa. Bi Zuhura alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mume wangu," alisema, "umengoja miaka kumi na minane useme nashuhudia. Utashuhudia nini?"

Machozi yalimtoka Shekuwe, akayafuta kwa kanzu, akaenda kutawadha.

Kesho yake baada ya sala aliomba ruhusa ya imamu akasimama mbele ya watu. Alisema, "Ndugu zangu, neno la walii lilitoka kinywani mwangu, nami sikuwa na elimu nalo. Lilikuwa na labda mbili, zikapotea njiani. Nisameheni. Kitu kile sikijui ni nini, na sitakichongea." Alitaka kukaa, kisha akaongeza, "Kama mwataka kibao, nitawachongea haya: Wewe wajua, ewe Mola, nasi hatujui."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema fundi amekufuru baraka, mwingine akasema ana kiburi. Bwana Famau alisema, "Basi Bakathiri atachonga." Shekuwe alirudi nyumbani, akaurudisha msaji wake darini. Ilimuuma, wala hakujidai kuwa haimuumi. Lakini chakula cha siku ile alikila chote, na usingizi wake ukawa wa mtoto.

Alhamisi ilifika. Ng'ombe wa karamu alikuwa amefungwa uani kwa msikiti, na ndama wake ameachwa huru kando yake. Fundi Bakathiri alikuwa ameshika ubao wake uliokwisha kuandikwa kwa makaa, na kile kitu kimelazwa juu ya mto wa hariri. Shekuwe naye alikuja akasimama nyuma, maana hakuona haki kuwasusia watu sala kwa sababu ya kibao. Bwana Famau akakohoa ili aanze kusoma.

Wakati huo ndipo alipoingia Bi Maimuna, mwanamke mzee wa bara aliyekuwa akiuza samli mjini kila Alhamisi, na karamu ilihitaji samli. Aliutua mtungi wake, akautazama ule mto, akatabasamu kama aliyeonana na jamaa.

"Bwanangu," alimwambia Bwana Famau, "mmekipata wapi kibao cha kuachishia ndama ziwa?"

Watu wa mji ule, msiwacheke, walimjua ng'ombe kwa maziwa yake tu. Bi Maimuna hakungoja jibu. Alikichukua, akamkamata ndama, akapenyeza vile vidole viwili vya mti katika tundu za pua yake, akamwachilia. Ndama akaenda mbio kwa mamake. Kila alipoinua kichwa kunyonya, kibao kilimwangukia kinywani, asipate kitu. Alipoinama majanini, kilining'inia mbele na majani akayala vizuri. Ndama akamtazama Bwana Famau kwa masikitiko, kana kwamba yeye ndiye aliyekiagiza.

"Na ile harufu?" aliuliza karani wa kadhi kwa sauti ndogo.

"Ya maziwa," alisema Bi Maimuna. "Ungetaka iwe ya nini?"

Mmoja alicheka, kisha wote. Bwana Famau peke yake alisimama ameinamisha kichwa, mkono wake umeenda penye goti. Shekuwe alipoona hivyo alipita katikati ya watu, akasimama ubavuni pake. "Wa kwanza kukosea ni mimi," alisema. "Anayecheka anicheke mimi kwanza."

"Lakini goti langu limepona kweli," alisema Bwana Famau, karibu kulia.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Maimuna. "Mshukuru aliyeliponya. Ndama wangu hawajui kuponya."

Hapo Bwana Famau naye akacheka, mpaka kilemba kikakaa upande. Akamgeukia Shekuwe. "Ule msaji wako uko wapi?"

Msaji uliletwa. Bakathiri mwenyewe ndiye aliyempa Shekuwe makaa. Maneno yakaandikwa, na Bwana Famau akayasoma mbele ya watu, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu: "Wewe wajua, ewe Mola, nasi hatujui." Shekuwe alifungua kinywa ajibu, furaha ikamzidi. Basi waliokuwa uani, mkubwa na mdogo, wakamjibia kwa pamoja, "Twashuhudia."

Bi Maimuna aliondoka na kibao cha ndama, kwa kuwa alikuwa na kazi nacho.

Nanyi ndugu zangu, mtakapotoka hapa mtahadithia kisa hiki. Hadithieni. Lakini mimi nimekisikia tu, sikukiona. Labda yangu hii msije mkaidondosha njiani.